Jifunze mkasi kwanza: Audacity kwa anayeanza

Kila nikimfundisha mtu kuhariri sauti, hata sijamaliza utangulizi ananiuliza: "Nibonyeze wapi sauti ing'ae?" Kitufe hicho hakipo. Kingekuwepo, mimi ningekuwa sina kazi. Kilichopo ni mkasi, yaani kukata usichokitaka, na kwa wiki mbili za mwanzo mkasi huo unakutosha.

Wanafunzi wangu huanza na Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuhariri sauti. Ni ya bure kwelikweli, si bure ya siku saba halafu unadaiwa namba ya kadi. Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg waliianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2000, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuchungulia. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Sura yake haivutii sana, nakubali. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, maana tovuti za pembeni hupenda kukubebesha na vitu ambavyo hukuviomba.

Ukishaifungua, usiguse athari yoyote, yaani zana za kubadilisha sauti. Rekodi dakika moja ya sauti yako, kisha tazama umbo linalojichora. Mstari uliolala ni kimya, vilima ni maneno. Angalia pia kipimo cha desibeli (kizio cha ukubwa wa sauti), ambacho huwashangaza wengi kwa namba zake hasi. Katika sauti ya kidijitali sifuri ni dari, na kila kitu huhesabiwa kushuka kutoka hapo. Ongea ukiona vilele vinacheza kati ya -12 na -6. Sauti ikigonga dari, vilele vyake hukatwa bapa na mkwaruzo unaotokea hapo ni vigumu mno kuuondoa. Rudia kurekodi, utaokoa muda.

Sasa mkasi. Tuseme umesema: "Leo tutazungumza kuhusu, eee, kulala." Unataka kuondoa hiyo "eee". Vuta picha karibu kwa kushika Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya, buruta kipanya kuweka alama juu ya "eee", isikilize peke yake, halafu bonyeza Delete. Rahisi. Ila ukisikiliza tena utakutana na moja ya mambo mawili: ama kuna kamlio ka "tk" pale ulipokata, ama sentensi inakimbia kama msemaji anafukuzwa.

Ule mlio unatokea kwa sababu wimbi la kushoto liliishia juu na la kulia likaanzia chini, hivyo spika inalazimika kuruka ghafla. Kabla ya kufuta, bonyeza herufi Z. Kingo za alama yako zitasogea hadi mahali wimbi linapovuka mstari wa katikati, na pande mbili zitaungana bila kuruka.

Sentensi inapokimbia, kosa ni kwamba umefuta na mapumziko. "Eee" huwa na kimya kidogo mbele na nyuma yake. Ondoa kimoja, bakiza kimoja.

Lugha yetu nayo ina mtego wake. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo mara nyingine "eee" hunata kwenye mkia wa neno lililotangulia: "kuhusueee". Ukitafuta mpaka kwa macho huuoni. Ninachofanya ni kuanza kutafuta upande wa pili. Herufi kama k, t na p hutanguliwa na kimya kifupi sana, pale mdomo unapofunga kabla ya kuachia hewa. Mwisho wa mkato wako uweke ndani ya kimya hicho, kabla ya k ya "kulala". Mwanzo wake utafute kwa kusikiliza, ukirudi nyuma kidogo kidogo hadi "e" isisikike tena. Neno linalofuata likianza kwa irabu, kama "usingizi", na vyote vimeshikana, mimi huiacha "eee" ibaki. Msikilizaji haisumbukii hata nusu ya unavyoisumbukia wewe.

Na pumzi ziache. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliwahi kukesha nikiondoa kila pumzi kwenye mahojiano ya nusu saa. Mhojiwa alipoyasikiliza aliuliza mbona anasikika kama mashine ya kutangaza foleni. Siku hizi pumzi iliyozidi naipunguza tu.

Baada ya hapo unaweza kugusa Noise Reduction, athari ya kupunguza kelele, ambayo ndiyo kila mtu anaikimbilia. Weka alama kwenye sekunde moja au mbili zenye mvumo wa chumba pekee, iambie programu iusome mvumo huo, kisha chagua rekodi nzima na uitekeleze. Mimi naanza kwa kupunguza desibeli 6. Programu huigawa sauti katika masafa mengi, toka sauti nene hadi nyembamba, na kushusha yale yaliyo dhaifu kama mvumo, lakini sauti ya mtu nayo hutumia masafa hayohayo. Ukizidisha, mtu anasikika kama anaongea ndani ya maji. Inasaidia kwa mvumo usiobadilika, kama wa feni. Mbwa akibweka haisaidii, na mwangwi wa chumba kitupu ndiyo kabisa. Mwangwi unatibiwa kabla ya kurekodi: mapazia, godoro, kipaza sauti karibu na mdomo.

Kuhifadhi kunawachanganya wengi. Ukibonyeza Save unapata faili la aup3, ambalo ni la mradi, na simu ya rafiki yako haitalicheza. La kusikilizwa hutolewa kwa Export. Toa WAV, faili kubwa lisilobanwa, kwa ajili ya kutunza, na MP3, lililobanwa, kwa ajili ya kutuma. Dakika moja ya WAV ya stereo yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 ni kama megabaiti 10. MP3 ya kilobiti 128 ni kama megabaiti moja. Usihariri MP3 ukaitoa tena na tena kuwa MP3, kila mara inapoteza kitu.

Kumbuka pia kwamba Ctrl+Z hurudisha ulichofuta ukiwa bado umefungua mradi. Ukiufunga, historia hiyo inaondoka. Kwa hiyo rekodi asilia naitoa kama WAV kabla ya kukata chochote, naipa jina la tarehe na kuiweka folda nyingine. Iliniokoa wakati nilipofuta kikohozi cha mgeni na kuondoka na silabi moja iliyokuwa jirani. Alikuwa amesema "hiyo si kweli". Kwenye kipindi alisikika akisema "hiyo kweli", na aliyegundua hakuwa mimi.