Wimbo wa kwanza wa tromboni na piano: dhana potofu na ukweli

"Wimbo usio na shapu wala flati ndio mwepesi."

Kwa mpiga piano, sawa. Kwenye tromboni ya kawaida isiyo na valvu, kii ya C, yaani ngazi ya noti isiyo na alama hizo (shapu hupandisha noti nusu hatua, flati huishusha), ni mtego. Slaidi, bomba linalovutwa na kurudishwa, ina nafasi 7, ya 1 ikiwa karibu na mdomo na ya 7 mbali kabisa. B isiyo na flati, ile ya mstari wa pili katika ufunguo wa besi (uandishi wa noti za chini), inapatikana nafasi ya 7 peke yake, na C inayoifuata iko nafasi ya 6. Melodi ikizunguka C–B–C, mtoto anacheza mwisho kabisa wa slaidi, na mkono wa mtoto wa miaka 9 mara nyingi haufiki huko. Atajinyoosha, ala itayumba mdomoni, na B itatoka juu kuliko inavyotakiwa kwa sababu slaidi haikufika.

Kii ya B-flati ni nafuu, ila nayo ina kona yake: B-flati ya chini iko nafasi ya 1, C iko ya 6. Tafuta wimbo unaokaa zaidi kwenye D, E-flati, F na G (nafasi za 4, 3, 1, 4), na C ije baada ya pumziko, si katikati ya noti za haraka. Ukiona C na B-flati zinapokezana kwa robo noti, rudisha rafuni.

"Wa polepole ni rahisi zaidi."

Piga hesabu ya pumzi. Bari 4 za 4/4 (kila bari ina mapigo 4) kwa mapigo 60 kwa dakika ni sekunde 16. Anayeanza hana hewa hiyo, na sauti itaanza kutetemeka na kushuka. Sentensi za muziki za bari 2 kwa mapigo 96 zinachukua sekunde 5. Isitoshe, noti zilizounganishwa polepole huburuzika kila slaidi inaposogea, mpaka ajue kuzigusa kwa ulimi laini, "du".

"Piano ni pambo tu."

Soma sehemu ya piano kwanza, ukijua nani ataipiga. Wimbo wa kwanza uwe na piano inayogusa melodi, au angalau inayosikika ikitoa noti ya kuanzia kabla mwanafunzi hajaingia. Bari za piano peke yake katikati si hasara: midomo inapumzika. Kwenye joto tromboni hupanda, piano haisogei. Vuta kidogo slaidi ya kutuni, bomba dogo la nyuma la kurekebisha sauti.

"Noti za tarumbeta zitafaa tu."

Zinafaa kwa aliyefundishwa ufunguo wa treble wa B-flati (C iliyoandikwa husikika B-flati), kama kwenye bendi za Jeshi la Wokovu. Anayesoma besi anahitaji karatasi nyingine. Kagua hivi: piano ikiwa na flati 2, karatasi ya besi iwe na flati 2, ya treble B-flati isiwe na hata moja. Matoleo mengi ya Uingereza huweka zote mbili ndani. Fungua uhakikishe kabla ya kulipa.