Kampuni za Kijeshi na Amani Inayoisha na Mkataba

Kila ninapoulizwa kama kampuni binafsi za kijeshi zinaweza kuleta amani, huanza na Sierra Leone, kwa sababu huko moja yazo ilishinda kweli. Mwaka 1995 waasi wa RUF, chini ya Foday Sankoh, walikuwa wameukaribia mji mkuu, Freetown, ndipo serikali ya Valentine Strasser ilipoikodi Executive Outcomes ya Afrika Kusini, iliyojaa askari wa zamani wa utawala wa makaburu. Watu wachache, wakisaidiwa na helikopta za kivita, waliwarudisha waasi nyuma na baada ya miezi michache wakaikomboa Kono, wilaya ya almasi. Mwaka uliofuata wananchi walipiga kura. Nakiri wazi kwamba maisha ya wengi yaliokolewa.

Tatizo lilikuwa katika namna ushindi ule ulivyopatikana. Jeshi la taifa lilikuwa limeoza, hata raia wakasema kwamba wanajeshi wake ni askari mchana na waasi usiku. Kampuni haikulijenga upya, ikawategemea na kuwafunza Kamajor, wawindaji wa jadi wa Kimende, na askari wakabaki na kinyongo. Mkataba wa amani wa Abidjan, uliotiwa saini Novemba 1996, uliitaka kampuni iondoke baada ya waangalizi wasioegemea upande wowote kuwasili. Waangalizi hawakuja, lakini Januari 1997 kampuni ilifungasha ikaondoka. Tarehe 25 Mei mwaka huohuo, askari wa jeshi lile lile walimpindua Rais Ahmad Tejan Kabbah, kisha wakawakaribisha RUF mjini. Vita vilitangazwa kuwa vimekwisha Januari 2002.

Ndiyo maana, nikisoma mkataba wa kukodi kampuni ya aina hii, kwanza natafuta kifungu kinachosema nani atashika lindo siku kampuni itakapoondoka, na mshahara wake utatoka wapi. Mara nyingi kifungu hicho hakimo.

Niliyakumbuka haya Januari 2025, nilipotazama picha za mamluki karibu 300, wengi wao Waromania, wakipekuliwa mpakani Rubavu, Rwanda, baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma, mashariki mwa Kongo. Walipandishwa mabasi hadi Kigali, wakarejeshwa kwao. Askari wa Kongo waliokuwa upande mmoja nao, ambao mshahara wao ulikuwa sehemu ndogo mno ya malipo ya wageni wale, walibaki nyuma pamoja na wakazi wa Goma.