Kazi ikiandika "imetumwa" haimaanishi programu imeingia

Wengi wanadhani ukishatuma programu toka kwenye seva na skrini ikaandika imetumwa basi mashine zote, tuseme 200, zishaipata, kumbe hapo kazi (yaani agizo la kuinstoo) imewekwa kwenye foleni tu. Mara nyingi ejenti, yaani kiprogramu kidogo kilichoko kwenye kila kompyuta, ndo inakuja yenyewe kuulizia kazi, inashusha faili, inainstoo halafu inarudisha majibu, sasa laptopu iliyozimwa itaulizia nini? We angalia kodi ya majibu, yaani namba inayorudishwa baada ya kuinstoo. Kwa Windows 0 ni freshi, 1618 kuna instolesheni ingine inaendelea so jaribu baadae, 3010 imeingia ila inataka kuristati (hii ishanichezea, nilijua imefeli nikatuma upya mara tatu bure). Na usiifute kazi mapema, zilizozimwa zikija kuwaka zitakuta hamna kitu.