Egzosi ya maji kwenye boti yenye injini ya ndani, na kwa nini geji ya temperecha haitoshi

Ukiwa na boti yenye injini ya ndani, hasa hizi dizeli za zamani, kuna maji yanatoka pamoja na moshi pale nyuma, na watu wengi wanajua tu kwamba maji yakitoka basi mambo safi. Ukweli ni kwamba yale maji yana kazi mbili tofauti, kupoza injini na kupoza egzosi (njia ya moshi), na ndo maana watu wanachanganyikiwa injini ikianza kusumbua.

Njia yake ni hii: pampu inavuta maji ya bahari kupitia valvu ya chini ya boti na chujio, yanapita kwenye hiti eksichenja (kifaa cha kuhamisha joto) kupoza kulanti, yaani maji maalumu yanayozunguka ndani ya injini (injini zingine za zamani hazina kulanti kabisa, maji ya chumvi yanazunguka moja kwa moja ndani ya bloku), halafu mwisho kabisa yanamwagwa kwenye elbo (bomba la kona), pale moshi unapotoka kwenye manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda. Moshi wa dizeli ikiwa na mzigo unaweza kupita digrii 400, na baada ya elbo kuna hosi ya mpira tu. Kinachofanya ule mpira usiungue ni yale maji, basi.

Sasa geji inasoma joto la kulanti, haisomi egzosi. Maji ya bahari yakikatika ghafla, mfano mfuko wa plastiki umeziba chini, kulanti bado ni ya baridi kiasi na inachukua dakika kadhaa kupanda, ila hosi inaanza kuungua muda uleule, we unaangalia sindano imetulia unaendelea kuchapa mwendo. Hosi ikitoboka, moshi unaingia ndani ya boti na gesi ya kaboni monoksaidi iliyomo haina harufu, inaua, na kama tundu la egzosi liko karibu na usawa wa maji bahari nayo inaweza kuingia humohumo. Kwa hiyo kwa kweli naomba kila mtu mwenye boti aweke alamu ya joto kwenye hosi ya egzosi, ni kitu kidogo sana.

Kujua tatizo liko wapi, anza na mkono: gusa hosi mara tu baada ya elbo injini ikiwa inafanya kazi, unatakiwa uweze kuishika bila kutoa mkono haraka. Ikiwa juu inachoma na chini ni baridi, maji yanapita kwa chini tu kama mfereji, hayachanganyiki na moshi, na hapo elbo imeziba upande. Angalia na mvuke pia. Kwenye nchi za baridi mvuke mweupe asubuhi ni kawaida, ila huku kwetu pwani hewa ni ya moto, Mombasa au Unguja ukiona mvuke mzito unatoka nyuma ujue maji ni machache. Mvuke unapotea haraka hewani, moshi mweupe wa dizeli isiyoungua unabaki, unawasha macho na unaacha mafuta juu ya maji, usichanganye hivi viwili.

Halafu kitu kinachookoa pesa nyingi: zima injini, fungua hosi ndogo ya maji pale inapoingia kwenye elbo, ielekeze kwenye ndoo, washa kidogo tu. Maji yakija kwa nguvu, ubovu uko mbele, kwenye elbo. Yakija kinyonge, rudi nyuma, kwenye hiti eksichenja, pampu au chujio. Pampu ina impela ya mpira (kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji), ikizunguka kavu muda mfupi tu mabawa yanakatika, na ukikuta bawa halipo usifunge impela mpya ukaondoka, kile kipande kimekwenda kukwama mbele kwenye vijibomba vya eksichenja, kitafute mpaka ukipate. Na kifuniko cha chujio kikiwa na gasketi mbovu kinavuta hewa badala ya maji bila kuvuja hata tone, fundi anaweza kukipita siku nzima.

Elbo yenyewe mara nyingi ni chuma cha kusubu, chumvi inaila na masizi yanaiziba, na ikibana moshi unakuwa mweusi na injini inakosa nguvu, watu wanakimbilia nozeli za kupulizia dizeli wakati shida iko kwenye elbo. Ifungue uangalie ndani, usiihukumu kwa rangi ya nje. Ukuta wa ndani ukitoboka, maji yanarudi kwenye silinda injini ikizimwa.

Na injini ikigoma kuwaka usiendelee kupiga stata huku valvu ya chini iko wazi, pampu inaendelea kujaza maji kwenye mafla (kipunguza kelele cha egzosi) na hakuna moshi wa kuyasukuma nje, mwisho yanapanda mpaka kwenye silinda. Funga valvu kwanza, injini ikishika tu fungua valvu hapohapo.