Je, wajua kwa nini mgonjwa wa figo hulalishwa mkono peke yake?

Ndugu wa mgonjwa wa figo hapa Bukavu wakiambiwa kwamba papa yao atapasuliwa mkono huku yuko macho, ombi huwa lile lile: "Dokta, mumulalishe kabisa, asisikie kitu." Wanaomba kwa huruma. Lakini katika upasuaji huu usingizi mzito unaweza kumgharimu mgonjwa mara mbili, kwanza kwenye moyo, kisha kwenye ule mshipa wa mkononi aliokuja kutengenezewa ili damu yake isafishwe na mashine (dializi). Ganzi ya mkono ikichomwa mahali pake huondoa maumivu na pia huusaidia mshipa huo uishi. Ni jambo ambalo kila familia yenye mgonjwa wa dializi ingefaa kulijua kabla ya siku ya upasuaji.

Figo zikishindwa kabisa, damu husafishwa na mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma, kama saa nne kila mara. Mashine huvuta mililita 300 hivi za damu kila dakika. Mshipa wa kawaida, yaani vena, ule ambao nesi huchomea serumu, hauwezi kutoa damu nyingi hivyo. Ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, inaweza, ila imejificha ndani na si ya kuchomwachomwa. Mwaka 1966 madaktari wa New York, wakiwemo James Cimino na Michael Brescia, walichapisha njia ambayo inatumika hadi leo: kuunganisha ateri na vena karibu na kifundo cha mkono, damu yenye nguvu iingie moja kwa moja kwenye vena. Vena hupanuka, ukuta wake huwa mnene, na baada ya majuma sita hadi miezi mitatu hivi inaweza kuvumilia sindano nene za dializi. Kiungo hicho huitwa fistula. Hapa kwetu jina hilo huwakumbusha watu akina mama wanaotibiwa fistula ya uzazi katika hospitali ya Panzi. Hii ya mkononi haihusiani kabisa na uzazi.

Taabu ni kwamba fistula nyingi hazikomai. Kuna zinazoziba siku ile ile. Wakati mwingine vena ilikuwa nyembamba tangu mwanzo, au kisukari kilikwisha kuharibu ateri. Tena mshipa wa damu una tabia ya kujikaza: ukiguswaguswa na vyombo, ukipata baridi, au mwenyewe akishikwa na woga, hubana. Damu ikipita polepole kwenye mshipa uliobana, huganda. Hapo ndipo aina ya ganzi inapokuwa na uzito.

Njia nyepesi ni kuchoma lidokaini, dawa ya ganzi, pale pale panapokatwa. Mpasuaji huifanya mwenyewe na gharama yake ni ndogo. Lakini ngozi ndiyo inayokufa ganzi, mishipa ya damu hubaki na uhuru wake wa kujikaza. Ganzi ikipungua katikati ya kazi inabidi kuongeza, na kuongeza kuna mpaka: lidokaini isiyo na adrenalini haitakiwi kuzidi miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 50 hizo ni miligramu 150, yaani mililita 15 tu za dawa ya asilimia 1. Wagonjwa wetu wengi wa figo wamekonda, kwa hiyo mpaka huo hufikiwa mapema.

Njia ya pili ni kuulalisha mkono wote. Karibu neva zote za mkono hutoka shingoni, hupita nyuma ya mfupa wa mtulinga na kuteremka hadi kwapani zikiwa zimekusanyika pamoja. Mtu wa anestezi, yaani mtaalamu wa ganzi na usingizi, akiziangalia kwa ekografi, mashine inayoonyesha picha ya ndani ya mwili, humwaga dawa kuzizunguka. Ni kama SNEL, shirika la umeme, wakikata waya kwenye nguzo moja, avenue nzima huingia giza. Na neva zinazolala hapo si za maumivu peke yake. Ndani yake zimo zile zinazoamuru mishipa ya damu ibane. Zikinyamaza, mkono hupata joto, vena hujaa, na baada ya dakika 20 au 30 mpasuaji anaweza kukuta vena nene kuliko ile aliyoiona asubuhi kwenye kipimo. Mara nyingine vena ya kiganjani iliyodhaniwa haifai huonekana inafaa, na ile ya juu ya mkono hubaki akiba ya miaka ijayo. Tena dawa ya ganzi kama bupivakaini huendelea kwa saa nyingi baada ya kushona, saa ambazo damu hupenda kuganda.

Utafiti uliofanyika Glasgow, Scotland, na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016, uliwagawa wagonjwa 126 kwa kura. Baada ya miezi mitatu, fistula za waliolalishwa mkono zilikuwa wazi kwa 84 katika kila 100; za waliochomwa lidokaini kwenye kidonda zilikuwa 62. Mpasuaji hakubadilisha ushonaji. Kilichobadilika ni ganzi.

Sasa ule usingizi mzito. Moyo wa mgonjwa huyu umebeba presha kwa miaka na damu yake ni haba, kwa hiyo dawa za usingizi zinaposhusha presha, damu kwenye fistula mpya hupungua mwendo. Potasiamu yake, yaani madini fulani ya damuni, huwa juu. Suksametoni, dawa ya kulegeza misuli, huipandisha kidogo zaidi, na kwa aliye kwenye ukingo kidogo hicho kinaweza kusimamisha moyo. Tumbo lake huchelewa kumaliza chakula, hasa akiwa na kisukari, hivyo anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Mabaki ya mofini, dawa kali ya maumivu, hutolewa na figo. Zisipofanya kazi hujikusanya na kumpunguzia pumzi usiku akiwa wodini. Daktari anazo dawa za kukwepa mengi ya haya, mfano atrakurio, dawa nyingine ya kulegeza misuli, ambayo huvunjika yenyewe kwenye damu bila kungoja figo. Na kuna wanaohitaji usingizi kweli: mtoto, mtu asiyeweza kutulia, au upasuaji mrefu wa mkono wa juu.

Kulalisha mkono nako kuna hatari zake. Sindano juu ya mtulinga iko karibu na pafu, na dawa inaweza kulegeza upande mmoja wa kiwambo cha pumzi, msuli wa kupumulia. Mgonjwa aliyejaa maji mapafuni hufaa zaidi kuchomwa kwapani. Damu ya wagonjwa hawa pia haigandi vizuri, ndiyo maana ni vema wafanyiwe dializi siku moja kabla na potasiamu ipimwe.

Kwa hiyo familia ikiuliza, iulize hivi: "Dokta, kuna mtu hapa anayejua kulalisha mkono kwa ekografi?" Kama hayupo, kwa watu wazima wengi ningechagua lidokaini ya kwenye kidonda kabla ya usingizi mzito. Mgonjwa anayeogopa anaweza kupewa dawa kidogo ya kumtuliza, na mtu wa kuongea naye pale mezani.

Akirudi nyumbani mkono bado umelala. Mkono huo usikaribie mbabula (jiko la makaa), kwa sababu utaungua bila yeye kujua. Ufungwe kitambaa shingoni, asiulalie, na ufunikwe, maana jioni za Bukavu ni baridi. Mkono huo usipimwe presha tena wala kutolewa damu. Kila asubuhi aweke vidole juu ya kovu asikilize mtetemo wa damu inayopita. Siku mtetemo ukinyamaza, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku: damu iliyoganda ikiwahiwa, mara nyingine huondolewa na fistula ikafunguka.