Sonata ya kwanza ya Chopin: wanayosema na yaliyo kweli

Mwanafunzi wa piano akitaka sonata (kazi ndefu yenye sehemu kadhaa) ya Chopin, mtunzi wa Poland, huja na ya pili, ile yenye maandamano ya mazishi, au ya tatu. Nikimtajia ya kwanza, ya ufunguo wa C maina, opasi 4 (yaani namba ya kazi), jibu huwa liko tayari mdomoni: "Mwalimu, hiyo si Chopin mwenyewe aliikataa?" Nimelisikia kwa wanafunzi, nimelisikia kwa wazazi wao, na sasa nalisikia hata kwa walimu wenzangu wanaoandaa watoto kwa mitihani ya gredi. Ukiwauliza kama wamewahi kuifungua, wanaangalia pembeni.

"Chopin hakutaka ichapishwe." Hili ndilo linalonikera kuliko yote, maana ni nusu ya habari inayouzwa kama habari nzima. Sonata hii aliitunga mnamo 1828, kijana wa miaka 18, akisoma utunzi kwa Józef Elsner jijini Warsaw, na huyohuyo mwalimu wake ndiye aliyemtunukia. Ikapelekwa Vienna kwa mchapishaji Tobias Haslinger, pamoja na kazi nyingine aliyoitunga juu ya wimbo wa Mozart, "Là ci darem la mano", kwa piano na okestra. Asiyetaka kazi yake ichapishwe haipeleki kwa mchapishaji.

Haslinger akazikalia zote mbili. Agosti 1829 Chopin alipofika Vienna, mchapishaji akasema atatoa ile ya wimbo wa Mozart, ila kijana aipige kwanza mbele ya watu. Akaipiga tarehe 11 mwezi huo, ukumbi ukashangilia, na mwaka 1830 ikatoka kama opasi 2. Ndiyo iliyomfanya mtunzi Schumann aandike mwaka 1831: "Vueni kofia, mabwana, huyu ni gwiji!" Sonata, iliyofika kwa Haslinger pamoja na kazi hiyo, ikabaki palepale. Kwangu mimi sababu iko wazi: wimbo wa opera unaojulikana na kila mtu unauzika, sonata ya sehemu nne ya kijana asiye na jina haiuziki. Hiyo ni hesabu ya duka, haina uhusiano na ubora. Chopin mwenyewe alimjua mtu wake. Mwishoni mwa 1830 aliwaandikia nyumbani kwamba Haslinger anamchukulia poa ili apate kazi zake bure, na kwamba zama za bure zimekwisha, sasa alipe.

Ni kweli kwamba baadaye alikataa. Mwishoni mwa miaka ya 1830, jina la Chopin limeshavuma Paris, ndipo Haslinger akaikumbuka sonata, na Chopin hakuikubali tena. Lakini aliyekataa hapo ni mtu wa karibu miaka 30 ambaye kalamu yake ilishakwenda mbali, na aliyekataliwa ni mchapishaji aliyeifungia kazi hiyo takriban miaka kumi. Ikatoka 1851, miaka miwili baada ya mtunzi kuzikwa. Ukisema "aliikataa" ukaishia hapo, umekata mkanda katikati.

Na kama matakwa ya marehemu ndiyo sheria, basi tuanze na kipande chake cha piano, Fantaisie-Impromptu. Aliitunga mnamo 1834, hakuichapisha maisha yake yote, akaagiza maandishi yake ambayo hayajachapishwa yachomwe moto. Rafiki yake Julian Fontana akaitoa mwaka 1855. Kila kijana anayejifunza piano anaililia hiyo! Sijawahi kumsikia hata mmoja akiniambia tuiache kwa kuwa Chopin hakuitaka.

"Ni zoezi la shule tu." Ni kazi ya shule, na inaonekana. Sehemu ya kwanza ni nzito, kijitungo kifupi kinarushwa mkono huu na ule mpaka msikilizaji anachoka, na sidai kwamba inafikia sonata ya pili wala ya tatu. Ila kosa analoandikiwa mara nyingi ni kwamba wazo la pili, yaani wimbo wa pili wa sehemu hiyo, halihamii ufunguo wa E bapa meja kama vitabu vinavyotaka, linabaki C maina. Sawa. Katika trio yake (kazi ya ala tatu) ya G maina, opasi 8, alibaki nyumbani, kwenye ufunguo uleule, vilevile. Na katika konseto (kazi ya piano na okestra) ya E maina, opasi 11, inayopigwa dunia nzima, wazo la pili linakuja kwa E meja badala ya G meja. Huyu kijana alikuwa na mazoea yake. Huwezi kuyaita kosa huku na ujasiri kule.

"Haina sauti ya Chopin." Fungua sehemu ya tatu, Larghetto (mwendo wa polepole), A bapa meja. Ina mapigo matano katika kila bari, mwaka 1828! Tchaikovsky alipoandika sehemu ya mapigo matano katika simfonia yake ya sita, ilikuwa 1893, na hadi leo watu wanaisifu kwa hilo. Wanafunzi wangu huiharibu kwa namna moja: wanahesabu "moja mbili tatu, moja mbili", wanakanyaga pale hesabu inapoanza upya, na wimbo unachechemea. Usihesabu kwanza. Imba sauti ya juu bila kugusa piano, pumua pale sentensi inapoisha, kisha piga mkono wa kushoto peke yake, polepole, mpaka uache kuusubiri. Ukiunganisha mikono hesabu hadi tano bila kusimama njiani. Utasikia wimbo unaoning'inia, usioamua upande wa kuangukia, na anayezijua noktani zake za baadaye, vile vipande vyake vya piano vya polepole, atajua ni mkono wa nani.

"Elsner alimbana." Hapana. Ripoti yake ya 1829 juu ya Chopin inasema kipaji cha pekee, gwiji wa muziki. Mwalimu wa namna hiyo habani.

"Wapiga piano wakubwa hawaigusi." Ashkenazy ameirekodi. Magaloff ameirekodi. Leif Ove Andsnes aliirekodi angali kijana, pamoja na zile mbili nyingine. Anza na Andsnes.

"Kazi ya ujana, basi ni rahisi." Jaribu sehemu ya mwisho, Presto (mwendo wa kasi sana), kwa mwendo ulioandikwa. Ni ndefu, mikono haipumziki, na wengi wanaoanza kwa kasi hukwama kabla ya katikati. Ndiyo maana simpi mtu sonata nzima mara moja. Nampa Larghetto, kurasa chache tu, halafu sehemu ya pili, minueti (dansi ya mapigo matatu), ambayo ndiyo minueti pekee ya Chopin inayojulikana. Sehemu ya kwanza na Presto atazipata mwaka unaofuata, akizitaka.