Sinema ya saa mbili kwenye mkanda wa futi 200

Anayeanza kukusanya mikanda ya sinema za bunilizi ya sayansi aghalabu hushikwa na kasha kwanza. Simlaumu. Makasha yale yalichorwa ili yauze: zimwi limetoa kucha, roketi inatema moto, jina la filamu limeandikwa kwa herufi zinazotisha kuliko filamu yenyewe. Lakini kasha halipiti kwenye projekta. Kinachopita ni mkanda, na matoleo mafupi yaliyouzwa kwa watazamaji wa nyumbani yana kitu usichokipata kwenye diski wala kwenye intaneti: uamuzi wa mhariri asiyetajwa jina, aliyekabidhiwa filamu nzima akaambiwa abakize dakika chache. Mimi nakusanya maamuzi hayo.

Kwa asiyeijua biashara hii: kabla kaseti za video hazijaenea, aliyetaka kumiliki sinema nyumbani alinunua mkanda. Kodak ilileta mkanda wa milimita 8 mwaka 1932, kisha Super 8 mwaka 1965, ambao upana wake ni uleule lakini matundu ya pembeni ni madogo, kwa hiyo picha ikapata nafasi zaidi. Filamu nzima ingekula magurudumu mengi na pesa nyingi, ndipo kampuni zikaamua kukata. Castle Films ya Marekani, iliyoingia mikononi mwa Universal, ilichota kwenye hazina ya mazimwi ya studio hiyo na kuyauza kwa urefu wa futi 50 au 200. Ken Films ilikuwa na filamu za studio ya Fox, studio ya Columbia iliuza zake yenyewe, na Ulaya kulikuwa na Walton na Derann za Uingereza pamoja na Marketing na Piccolo za Ujerumani. Vijana wengi wa Marekani waliijua mikanda hii kupitia matangazo ya jarida la Famous Monsters of Filmland, wakaagiza kwa posta.

Sasa tupige hesabu, maana hapo ndipo utamu ulipo. Futi moja ya Super 8 ina picha 72. Futi 200 ni picha 14,400, na kwa mwendo wa sinema wa picha 24 kwa sekunde hizo ni dakika 10 kamili. Ondoa majina ya mwanzo, nembo ya kampuni na kipande kitupu cha kuanzia, unabaki na dakika nane au tisa. Star Wars ya mwaka 1977, filamu ya Fox, ina dakika 121, yaani zaidi ya futi 2,400 ikiwekwa nzima kwenye Super 8. Mhariri wa toleo la futi 200 alipewa sehemu moja tu kati ya kumi na mbili. Na tusisahau kwamba filamu hiyo haikutoka kwenye kaseti hadi mwaka 1982. Kwa miaka kadhaa, vipande hivyo vya Ken Films ndivyo vilivyokuwa njia halali ya kuwa nayo nyumbani.

Mhariri aliyebanwa hivyo ana njia mbili. Ya kwanza ni kukimbia na hadithi nzima: sekunde chache za kila tukio kubwa, huku msimulizi au maandishi yakiziba mapengo. Ya pili ni kuchagua tukio moja au mawili na kuyaacha yapumue, mengine yote yaende. Mimi niko upande wa njia ya pili bila kusita. Toleo la kukimbia linachosha hata likiwa na dakika nane tu, kwa sababu kila mtu anafika kabla hujajua ametoka wapi. Toleo la kuchagua linakuwa filamu fupi yenye miguu yake.

Bunilizi ya sayansi inavumilia kisu kuliko aina nyingine za sinema, hasa ile ya miaka ya 1950. Filamu nyingi za enzi hizo zimejaa wanaume wenye makoti meupe wakielezana kuhusu mionzi. Maelezo hayo ndiyo ya kwanza kutupwa. Kinachobaki ni kiumbe, chombo, mlipuko na mtu anayekimbia. Mfano ninaoupenda ni This Island Earth ya mwaka 1955, ambayo Castle iliiuza kwa jina jingine kabisa: War of the Planets. Jina jipya tu limeshakuambia mhariri alikuwa ameangalia wapi. Katika filamu nzima, kiumbe mwenye ubongo uliofura hutokea kuelekea mwisho na hakai sana. Kwenye mkanda mfupi unamfikia mapema, na filamu inageuka kuwa yake. Kumbuka pia kwamba majina haya yaliyobadilishwa huwapita wauzaji wengi, kwa hiyo mkusanyaji anayeyajua hupata vitu ambavyo wengine wamevipita bila kuvitambua.

Ukitaka kuusoma mkato wa mhariri, lazima kwanza uutenganishe na mkato wa mwenye mkanda. Mikanda hii imepita mikononi mwa watu. Ilikatika, ikaungwa, pengine mtu alijikatia kipande alichokipenda. Kwenye Super 8 yenye sauti ya sumaku, yaani iliyo kwenye utepe mwembamba wa sumaku ubavuni mwa mkanda, sauti imerekodiwa picha 18 mbele ya picha yake. Maana yake ni kwamba mahali palipoungwa hupita kwanza mbele ya lenzi, kisha hufika kwenye kichwa cha kusomea sauti robo tatu ya sekunde baadaye. Macho yanaona picha imeruka, halafu ndipo masikio yanasikia neno limekatika. Vikipishana namna hiyo, huo ni ufundi wa mtu wa nyumbani. Picha na sauti vikibadilika pamoja, basi mkato ulifanywa kiwandani, kabla nakala haijachapishwa. Nikishazoea kusikiliza hivyo, siwezi tena kuutazama mkanda bila kuhesabu viungo. Ni ugonjwa, lakini una faida.

Wakusanyaji huyadharau matoleo ya kimya, na nadhani hawayatendei haki. Yaliuzwa kwa bei nafuu, yakiwa na maandishi badala ya mazungumzo, na projekta nyingi za kimya zilizungusha picha 18 kwa sekunde. Futi 200 zilezile sasa zinachukua zaidi ya dakika 13. Filamu iliyopigwa kwa picha 24 ikioneshwa kwa 18 inakuwa na mwendo mzito: watu wanatembea kama walio chini ya maji, jambo linalokera. Lakini vyombo vya anga vya kuchonga, ambavyo kwa mwendo wa kawaida hujionesha kuwa ni vidogo, ghafla vinapata uzito. Majengo yanaporomoka taratibu kama majengo ya kweli. Ijaribu kwenye mkanda wenye mjusi mkubwa.

Kuhusu rangi, sina habari nzuri. Nakala nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilichapishwa kwenye mikanda ambayo rangi zake mbili, ya samawati na ya manjano, hufifia hata gizani. Inayobaki ni nyekundu ya waridi. Anga nyeusi inakuwa ya hudhurungi, uso wa mwanaanga unakuwa kama jamu, na hakuna dawa ya kuirudisha kwenye mkanda wenyewe. Uliza kila mara, na uombe picha ya kipande kilichoshikwa mbele ya karatasi nyeupe iliyomulikwa, si picha ya kasha. Nakala za kuanzia miaka ya 1980, zilizotumia mkanda mpya wa Kodak usiofifia haraka, ni salama zaidi. Na hapa zile nakala za bei ya chini zinalipiza kisasi: baadhi ya filamu za rangi ziliuzwa pia kwa nyeusi na nyeupe, na picha hiyo imeshikwa na fedha, madini halisi, si rangi. Leo ndizo zinazoonekana vizuri.

Adui mwingine unamjua kwa pua. Mkanda wa asetati, plastiki ya zamani ya kutengenezea mikanda, ukianza kuoza hutoa asidi, na kopo likifunguliwa hunukia siki. Baadaye mkanda unasinyaa, unajikunja, matundu hayashiki tena meno ya projekta. Joto na unyevu huchochea, na chuma kilicho kwenye utepe wa sauti husaidia kuharakisha. Mkanda wenye harufu hiyo utenge na mingine siku hiyohiyo. Mikanda ya poliesta, plastiki nyingine iliyo ngumu zaidi, haina ugonjwa huu. Kuitambua ni rahisi: inua gurudumu mbele ya taa na utazame ubavuni mwa mkanda uliokunjwa, poliesta hupitisha mwanga, asetati hubaki nzito na giza. Ila poliesta haiungwi kwa gundi ya filamu, inahitaji utepe wa kuungia, na haikatiki kirahisi. Ikikwama, kinachovunjika huweza kuwa projekta.

Filamu zilizopigwa kwa picha pana zilikatwa pande zote mbili ili zienee kwenye picha ya Super 8, au zikabanwa zisubiri lenzi maalumu ya kuzipanua. Soma lebo vizuri, maana bila lenzi hiyo kila mtu ni mwembamba kama mlingoti.

Projekta ni mada ya siku nyingine. Kwa leo inatosha kusema kwamba Elmo na Eumig za miaka ya 1970 bado zinafanya kazi zikitunzwa, na kwamba mipira ya kuzungushia ndiyo hufa kwanza. Usinunue mashine kwa sababu taa inawaka. Safisha njia yote ya mkanda, pitisha kipande usichokijali, kisha ukitazame dhidi ya mwanga: mstari wowote mpya, ulionyooka kwa urefu wa mkanda, umechorwa na mashine hiyo, na mkanda wa maana usubiri hadi ujue ni sehemu gani inayoukwaruza.